Shangazi Vumbi na Unga wa Mwisho

"Shangazi, kwani si ule nyama tu, yaishe?"

Nilimwuliza hivyo nikiwa na miaka kumi, nimekaa juu ya gunia la pumba, miguu haifiki sakafuni. Yeye alikuwa ameegemea ukuta wa chumba cha mashine, kiganja kifuani, anavuta pumzi kama mtu anayenyonya maji kwa mrija ulioziba. Mashine ilikuwa imezimwa. Mlangoni wateja wanne walisimama na ndoo zao wakijifanya wanaangalia barabara. Shangazi alinigeukia, macho yamemtoka, akainua kidole kimoja.

"Hilo swali ni zito," akasema. "Nisubiri nipate pumzi."

Pumzi aliipata baada ya robo saa. Jibu hakunipa siku ile, wala mwaka ule.

Shangazi ni dada mkubwa wa baba yangu, na kazi yake ni kusaga nafaka za watu. Mtaani jina lake halisi wanalijua wachache. Wengine wote humwita Vumbi, kwa sababu jioni akitoka kazini huwa mweupe kuanzia kilemba hadi kope. Watoto wageni wakimwona mara ya kwanza hukimbia. Waliomzoea humsogelea wapate kuandika majina yao kwa kidole mkononi mwake. Mwenyewe hana habari. "Wenzangu hulipa ili wapakwe poda," husema, "mimi napakwa bure."

Chumba chake cha kazi hakizidi hatua saba kwa tano, lakini sijaona mahali padogo penye mambo mengi kama pale. Juu kuna mdomo mpana wa bati, humo ndimo nafaka inamiminwa. Inashuka kwenye tumbo la chuma ambamo nyundo ndogo ndogo zinazunguka kwa kasi hadi huzioni, zinaipondaponda, inapita kwenye chekeche, inapulizwa bombani, na mwisho unga unashukia kwenye mfuko mrefu wa kitambaa unaovimba na kunywea kama kitu kinachopumua. Shangazi huweka kiganja kwenye bomba akakuambia kinachopita bila kutazama. Mahindi makavu, anasema, hupiga kama mvua ya mawe. Mtama hunong'ona. Karanga hazina adabu, zina mafuta, zinaziba chekeche na kumpotezea nusu siku akiisugua. Ukimletea, unarudi nazo nyumbani. Nilidhani ananitania, hadi siku moja nikamfunga macho kwa kilemba chake mwenyewe nikamjaribu. Alipata tano kati ya tano. Ya sita alikunja uso akasema, "Huyu mama ameosha mahindi yake asubuhi hii hii, hayajakauka. Mwambieni aje kesho." Na ilikuwa kweli.

Kuna jambo ambalo kila mteja wa mashine analijua: mashine inakula. Wa kwanza asubuhi akimimina debe lake, viganja kadhaa vya unga hubaki mle ndani, vimenata kwenye kuta za bomba na kwenye mfuko. Kwa hiyo hakuna anayetaka kuwa wa kwanza. Saa moja asubuhi utawakuta kina mama watano mlangoni, wamewahi kuliko jogoo, na wote ghafla wamekuwa na heshima.

"Tangulia, dada."

"Aa, tangulia wewe, mimi namngoja mwenzangu."

"Mwenzako yupi? Si umekuja peke yako?"

"Atakuja."

Shangazi aliumaliza ugomvi huo zamani. Kila asubuhi alimimina mahindi yake mwenyewe, kibaba kimoja, aishibishe mashine kabla ya watu. Na kwa kuwa yeye ndiye aliyeilisha, jioni yeye ndiye aliyeikamua. Akishazima mota, aligonga bomba na mfuko kwa rungu dogo la mti, na unga wote uliokuwa umenata ukashuka. Huo aliuita mkia. Ni haki ya msagaji, hakuna aliyemwonea kijicho. Aliubeba nyumbani kwenye kopo la bati lenye picha ya maua iliyofutika, na uji wake wa asubuhi na wa jioni ulitoka humo miaka yote niliyomfahamu.

Nyama hakula. Wala samaki, wala mayai, wala maziwa, tangu akiwa msichana. Sababu hakuna aliyeijua, kwa hiyo kila mtu alikuwa na yake. Jirani mmoja alisema ni nadhiri. Mwingine alisema kulikuwa na mchumba mwenye bucha, akamwacha siku mbili kabla ya harusi, naye akaapa kutogusa tena chochote kinachoning'inia kwenye ndoano. Baba alisema dada yake ni mbishi tu, na siku daktari atakapomkataza nyama ndiyo siku atakayoianza.

"Dada," alimtania mezani, "nimepita kwa mbuzi, wamenituma niseme asante."

"Waambie wasikuamini wewe," Shangazi akajibu, huku akisogeza bakuli la nyama upande wa baba.

Kilichomshikilia miaka yote hiyo kilikuwa soya. Maziwa ya soya asubuhi. Unga wa soya kwenye uji. Jioni, vile vipande vikavu vya kwenye pakiti ambavyo ukivichemsha vinavimba kama sifongo, akavikaanga kwa vitunguu na nyanya hadi hata baba akaomba vijiko viwili. Ilikuwa rahisi, ilikuwa karibu, haikumtaka afikiri. Maharage alikula siku alipoyakumbuka. Na gunia la kilo tisini alilivuta peke yake kutoka mlangoni hadi kwenye mizani, kisha akakunja mkono kuonyesha msuli. "Hii ni soya hii," alisema. "Guseni."

Halafu soya ikamgeuka.

Ilianza kwa midomo kuwasha. Baadaye ikawa inavimba, vipele vikamtoka shingoni, kifua kikaanza kupiga filimbi kila akipanda ngazi tatu za nyumbani kwake. Daktari wa zahanati alimpima, akamwuliza maswali mengi, akamwambia ana aleji ya soya.

"Miaka ishirini naila!" Shangazi alibisha, kana kwamba daktari ndiye aliyeileta.

"Mama, mwili ni kama jirani. Anaweza kukuvumilia miaka ishirini, siku moja akakufungia mlango. Unakula nini nyumbani?"

"Uji."

"Wa unga gani?"

"Wa mahindi."

Daktari aliandika *mahindi*. Akampa dawa ya kuvuta kifua kikibana, akampa vidonge vya vitamini moja ambayo alisema mtu asiyekula nyama wala mayai wala maziwa haipati kwenye majani hata ale shamba zima. Akamwambia aache soya yote, ajifunike pua na mdomo kazini, na ajaribu mikunde mingine, mmoja mmoja, kidogo kidogo, aone mwili unasemaje. Karanga asizijaribu nyumbani. Aje azilie pale pale zahanati wakimwangalia.

Kuacha soya kulikuwa kama kung'oa nguzo ya nyumba kabla hujaleta nyingine. Ndani ya wiki chache nguo zilianza kumning'inia. Ijumaa moja, akiwa na gunia begani, magoti yalimwisha, akaenda chini nalo mbele ya wateja. Siku hiyo ndiyo niliyomwuliza swali langu.

Jumatatu akaja Mwenye Mashine. Mashine haikuwa ya Shangazi, ilikuwa ya bwana mmoja aliyevaa mashati yaliyopigwa pasi hadi yanakata, na aliyeogopa unga kuliko mvua. Kwa hiyo hakuingia ndani. Alisimama nje, akapaza sauti.

"Dada Vumbi! Wewe ni fundi, sikatai. Lakini ukiniangukia kwenye ule mkanda wa mota, nitawaambia nini ndugu zako?"

"Sijaanguka kwenye mkanda, bosi. Nimeanguka kwenye mahindi."

"Leo mahindi. Nakupa miezi mitatu. Daktari akiandika kwamba umepona, sawa, kaa na mashine yako hadi uzeeke. Asipoandika, naleta mtu mwingine."

Shangazi alijibu "sawa" kwa sauti ya kawaida. Kisha akarudi ndani akaweka kiganja kwenye bomba, wakati mashine ilikuwa imezimwa na hakuna kitu kinachopita. Alikuwa pale miaka ishirini na mitatu. Kazi nyingine hakuijua, na nadhani hakuitaka.

Basi akaanza kutafuta chakula kama mtu anayetafuta ufunguo ndani ya nyumba yake. Kwanza tulisoma pakiti. Maandishi yenyewe madogo kama mayai ya chawa, kwa hiyo nilisoma mimi, yeye akishika mshumaa karibu hata kama ni mchana. Soya ilikuwa kwenye biskuti. Ilikuwa kwenye vidonge vya mchuzi. Ilikuwa kwenye mkate wa dukani na kwenye chupa ya mafuta. "Kumbe tulikuwa tunaishi naye nyumba moja," alisema, "na kodi halipi."

Kisha nyuma ya mlango wa chumba cha mashine akaandika kwa chaki: dengu, choroko, kunde, mbaazi, maharage mekundu, njegere, njugu mawe, karanga, ufuta, mbegu za maboga. Kila kimoja alikipa siku tatu. Kikimkalia vizuri, alama ya vema. Njugu mawe zilimtoa vipele, zikapigwa mstari. Choroko aliziotesha kwenye kitambaa kibichi hadi zikatoa vikia, akazila na limau, akasema ladha yake ni kama kutafuna asubuhi. Mbegu za maboga, ambazo maisha yake yote alizitupa, alizianika juu ya bati, akazikaanga na chumvi, akatembea nazo mfukoni. Wiki ya mbaazi na maharage hatukwenda kumtembelea, na baba alimwambia waziwazi kwa nini. Siku ya karanga alikaa kwenye benchi la zahanati saa mbili nzima, akila moja, akingoja, akila mbili, akingoja, nesi akimkodolea macho kama askari. Hakuna lililotokea. "Nimefaulu mtihani wa karanga," alitangaza mtaani.

Alijifunza pia kuvioanisha. Nesi wa watoto alimweleza kwamba kuna kitu dengu zinakosa na mahindi yanacho, na kuna kitu mahindi yanakosa na dengu zinacho, kwa hiyo katika siku moja avile vyote viwili, mwili utavikutanisha wenyewe. Shangazi alipenda sana hilo. Alilisimulia kwa kila mteja kama habari ya ndoa.

Na kila Jumamosi alipanda juu ya mizani ya magunia, akasimama mahali ambapo mahindi ya watu husimama, akaandika namba yake pembeni ya orodha. Hapo ndipo tulipochanganyikiwa. Hamsini na tisa. Hamsini na saba na nusu. Hamsini na sita. Alikula vizuri kuliko sisi sote, soya haikumgusa mdomoni, pua amefunika, na bado midomo ilivimba, kifua kikapiga filimbi, tumbo likakataa kukaa na chakula. Jumatano ndiyo ilikuwa mbaya kuliko zote.

Bibi, mama yake, hakuweza kuvumilia zaidi. Alikuja na sufuria ya supu ameifunika kwa kanga mbili.

"Kunywa."

"Mama, hiyo ni nyama."

"Ni maji yaliyopita karibu na nyama. Kunywa, wewe mtoto. Sikio la kufa halisikii dawa."

"Sijafa."

"Umebaki mifupa na ubishi!"

Baba akaongeza kwamba akipita barabarani mbwa watamfuata wakidhani amebeba mifupa, lakini hakucheka aliposema, na Bibi hakucheka aliposikia. Shangazi alishika sufuria kwa mikono miwili. Alinusa mvuke. Nilimwona akimeza mate, na nikadhani sasa basi, atakunywa. Akairudisha mezani taratibu.

"Nikinywa na nikapona, sitajua nilikuwa naumwa nini," alisema. "Nipeni hadi siku ya daktari."

Zilikuwa zimebaki wiki tano. Halafu umeme ukakatika mtaa mzima. Transfoma ililia mchana kweupe, ikatoa moshi, ikanyamaza siku tisa. Mashine ikalala. Shangazi akakaa nyumbani, akanunua unga wa dukani kwa sababu kopo lilikuwa tupu, na siku ya nne akaamka bila filimbi. Siku ya saba midomo ilikuwa laini. Siku ya tisa alipanda mizani: kilo moja imeongezeka.

Sisi tulifurahi, yeye akanyong'onyea, maana alijua kitakachosemwa. Na kilisemwa, tena kutokea nje ya mlango.

"Umeona mwenyewe, dada? Umepumzika na mashine, umepona. Ni mashine inayokuua! Mwezi ukiisha, mtu wangu anakuja."

Hata mimi niliona anasema kweli. Vumbi lilikuwa kila mahali pale, hadi kwenye kope.

Umeme ukarudi Jumanne. Jumatano mashine ilisaga tangu asubuhi hadi saa kumi na moja jioni, watu walikuwa wamelimbikiza nafaka za siku tisa. Shangazi alijifunga kitambaa kilichokunjwa mara tatu, akafanya kazi siku nzima. Nilimfikia saa kumi na moja kasoro, nikamwangalia kwa hofu. Alikuwa mzima. Amechoka, mweupe kama chaki, lakini mzima. Akazima mota, akagonga bomba, akakamua mkia, tukaenda kwake. Akapika uji. Alikunywa nusu bakuli, akiniambia jinsi mama mmoja alivyoleta mahindi yenye shilingi ndani. Katikati ya sentensi akaweka bakuli chini. Akagusa mdomo. Mdomo ulikuwa unavimba.

Alivuta dawa yake mara mbili. Kifua kilipolegea hakwenda kulala. Alikaa akilitazama lile bakuli kama mtu anayemtazama mgeni aliyekaa sebuleni miaka mingi bila kujitambulisha.

"Vumbi nimelivuta kutwa nzima," alisema polepole, "na sikuumwa. Nimekunywa uji, naumwa. Mwanangu, leo ni siku gani?"

"Jumatano."

"Jumatano ni kliniki ya watoto. Kina mama wakitoka kliniki wanaleta nafaka gani?"

Nililijua hilo hata mimi. Walileta mahindi, mtama na soya, kuwasagia watoto uji wa lishe, ndoo kwa ndoo.

Akainuka, akaleta kopo, akamwaga unga kwenye sinia jeusi, akausambaza kwa kiganja. Karibu na dirisha tuliuona vizuri. Si unga wa mahindi. Ulikuwa na chembe nyekundu za mtama, na chembe nyingine za manjano, nyingi. Alinusa. Pua yake, iliyokuwa ikinusa unga wa watu miaka ishirini na mitatu, haikuwa imewahi kunusa wa kwake. Ulikuwa unga wa mtaa mzima, kila mmoja amemwachia kidogo. Nao ndio aliouita kwa daktari, kwa moyo mweupe kabisa, unga wa mahindi.

"Mfinyanzi hulia gaeni," akasema. Kisha akaanza kucheka, kicheko kikamtoa machozi, machozi yakachora mistari kwenye unga wa mashavuni.

Kesho yake alifanya mambo mawili. La kwanza, mkia aliugawa kwa mama mmoja mfugaji wa kuku. Unga wake mwenyewe akaanza kuutwanga nyumbani kwa kinu na mchi, mahindi siku moja, dengu siku nyingine. Mtaa ulicheka hadi ukachoka. "Fundi wa mashine anatwanga! Ni kama dereva anayekwenda kazini kwa miguu!" Yeye akaendelea kutwanga.

La pili lilikuwa gumu. Daktari alikuwa amesema vumbi la soya nalo si rafiki, na hakuna kitambaa kinachozuia lote. Lakini kuwafukuza kina mama wa kliniki ni kumpa Mwenye Mashine sababu nyingine. Kwa hiyo Shangazi alivuka barabara kwenda kwa adui.

Ng'ambo kulikuwa na mashine ya pili. Msagaji wake ni mzee tuliyemwita Honi, kwa sauti yake. Alikuwa hajaongea na Shangazi vizuri tangu siku alipowaambia wateja kwamba mashine ya Vumbi ni mbovu, anasaga kwa maombi.

"Nani huyu?" Honi alipiga kelele, ingawa alikuwa hatua mbili tu. "Mpinzani wangu! Umekuja kujifunza kazi?"

"Nimekuja kukupa wateja."

"Utakuwa unaumwa kweli."

"Nasikia mtama unakukera."

"Mtama! Unaingia kwenye mota, unaingia sikioni, unaingia kwenye chai!"

"Basi niletee wa mtama wote. Mimi wa soya wote nakuletea wewe. Kuanzia leo."

Honi alikuna kidevu. Alimtazama Shangazi juu hadi chini, kola ilivyomzidi shingo, na mara ya kwanza sauti yake ikashuka.

"Kumbe ni hiyo ndiyo iliyokuwa inakumaliza? Kikulacho ki nguoni mwako, jirani." Akanyoosha mkono. "Na ile ya maombi, ilikuwa utani wa biashara."

Shangazi alifungua mashine yake yote. Alitoa nyundo moja moja akazipiga brashi, akafua mfuko mara tatu, akabadilisha chekeche. Mlangoni akabandika karatasi: SOYA NG'AMBO, MTAMA HAPA. Mwenye Mashine alipoisoma alitaka kugomba, lakini foleni ya mtama ilikuwa imefika hadi kwenye viatu vyake, akabadilisha neno mdomoni.

Wiki hizo zilizobaki ndizo nilizoona chakula kikimrudia mtu. Uji wa mahindi na dengu asubuhi. Mchana maharage mekundu na wali, au kunde na majani yake. Mfukoni karanga na mbegu za maboga. Jioni choroko zenye vikia, na kijiko cha ufuta uliosagwa hadi ukawa kama siagi. Si kwamba orodha ilibadilika. Nyuma ya mlango ilikuwa ile ile ya tangu mwanzo. Hamsini na nane. Hamsini na tisa. Sitini na nusu.

Siku ya daktari tulikwenda sote, hata Bibi, ambaye alibeba sufuria tupu, nadhani kwa mazoea. Daktari alimsikiliza kifua mbele na nyuma. Akampandisha mizani. Akauliza kilichotokea, Shangazi akamweleza habari ya mkia, na daktari akarudi kwenye faili lake, akalitazama lile neno *mahindi*.

"Ningepaswa kukuuliza unga unatoka wapi," alisema.

"Ungeuliza ningekwambia mashineni," Shangazi akamjibu. "Tusingefika popote."

Barua iliandikwa. Mwenye Mashine aliisoma nje ya mlango, akaikunja, akasema, "Haya." Shangazi akaweka kiganja kwenye bomba, akawasha mota.

Hiyo ni miaka saba sasa. Shangazi bado yuko pale, bado mweupe hadi kope. Mwezi uliopita tulikuwa na likizo fupi kabla ya mtihani wa mwisho, nikaenda kwake nikamkuta anatwanga dengu. Nilichukua mchi, nikapokea zamu, na nikiwa nahema baada ya mapigo kumi tu nikamwuliza tena kwa nini wakati ule, alipokuwa anakonda hivyo na kazi inamponyoka, hakula tu nyama, yakaisha.

Aliokota punje zilizoruka nje ya kinu, akazirudisha moja moja.

"Siku ile sikuwa na jibu, ndiyo maana nilikuomba unisubiri," alisema. "Hakuna nadhiri, mwanangu, hakuna mchumba wa bucha. Nyama siipendi tu. Tangu mtoto nikiitafuna naona inaongezeka mdomoni badala ya kupungua. Nani angenielewa, mtu mzima, niko tayari kukosa kazi kwa sababu ndogo vile? Lakini nimelifikiria sana swali lako. Tuseme ningeila. Ningenenepa kidogo, Mama angeridhika, baba yako angelala usingizi. Kisha jioni ningekaa kunywa uji wangu wa mkia, kifua kingebana, na nyote kwa pamoja mngesema, 'Mwongezeeni nyama.'"